Macho ya Shabiki Ndiyo Soko la Mdukuzi

Juni 2021 wadukuzi waliingia katika mitambo ya kampuni ya Electronic Arts wakatoka na takriban gigabaiti 780 za data, ikiwemo misimbo ya FIFA 21, gemu ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya mabanda mengi ya PlayStation hapa Eldoret, kutoka Langas hadi Huruma. Hawakuhitaji maarifa ya ajabu. Walinunua kwa dola 10 vidakuzi vilivyoibwa, wakaingia navyo katika jukwaa ambamo wafanyakazi wa EA huzungumza, kisha wakamdanganya mhudumu wa kitengo cha teknolojia kwamba simu yao ilipotea kwenye sherehe usiku uliotangulia. Mhudumu akawapa idhini mpya ya kuingia. EA ilikataa kulipa, mnunuzi hakupatikana, na wiki chache baadaye mzigo ukamwagwa mtandaoni bure. Kampuni ilisema haikuona dalili kwamba data ya wachezaji ilifikiwa, na kwa shabiki wa kawaida ilikuwa rahisi kuona habari imekwisha: akaunti yangu iko salama, timu yangu haijaguswa, mechi iendelee.

Msimamo huo ndio ninaoupinga. Tunapozungumzia udukuzi wa studio za gemu, huwa tunamweka shabiki pembeni, kama mtu anayetazama ajali barabarani akiwa amesimama salama kwenye ukingo. Anasikitika au anacheka, kisha anaenda zake. Ninavyoona mimi, shabiki hayuko pembeni hata kidogo. Bidhaa inayouzwa katika wizi wa aina hii ni hamu yake, na namna anavyoipokea habari ya udukuzi ni sehemu ya hesabu ambayo mdukuzi anaipiga kabla hajajaribu nywila ya kwanza.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Insomniac Games, studio ya California inayomilikiwa na Sony, iliyotengeneza Marvel's Spider-Man. Desemba 2023 kundi linalojiita Rhysida, lilelile ambalo miezi miwili kabla lilikuwa limeilemaza Maktaba ya Uingereza jijini London, lilitangaza kwamba limeiba hazina ya studio hiyo. Likatoa siku saba na kutaja bei ya kuanzia ya Bitcoin 50, ambazo wakati huo zilikuwa takriban dola milioni 2. Siku zilipokwisha likamwaga terabaiti 1.67, faili zaidi ya milioni 1.3. Humo mlikuwa na gemu ya Wolverine ikiwa bado jikoni, mipango ya miaka mingi mbele, nakala za pasipoti za wafanyakazi, hati zao za kuajiriwa na za kuachishwa kazi. Kundi lenyewe lilimweleza mwandishi wa habari kwamba lilijua vizuri linamlenga nani, na kwamba liliwaona watengenezaji wa gemu kama windo jepesi.

Mashabiki wakajibu kwa namna mbili. Salamu za pole zilimiminika kwa wingi kiasi kwamba Insomniac, katika taarifa yake ya kusema imehuzunika na kukasirika, iliwashukuru watu kwa huruma na uungaji mkono wao. Lakini wiki hiyohiyo Wolverine ambayo haijaiva ilikuwa imeshakarabatiwa ifanye kazi kwenye kompyuta za watu binafsi, na vipande vyake vilikuwa vikisambaa. Ni rahisi kudhani haya yalikuwa makundi mawili, wema huku na wabaya kule. Mimi sidhani. Huruma kwa studio na udadisi juu ya Wolverine hukaa bila ugomvi ndani ya kifua kimoja, na mtu anaweza kuandika pole kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukifungua video.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu biashara ya kikombozi imebadilika. Zamani mdukuzi alifunga faili za kampuni na kudai pesa ili azifungue. Kampuni zikajifunza kuhifadhi nakala mahali pengine, na kitisho hicho kikapungua makali. Ndipo magenge yakahamia kwenye kitisho cha pili: lipeni, la sivyo tunaanika. Kitisho cha kuanika kina thamani ileile ambayo hadhira itaipa kile kinachoanikwa. Hospitali huogopa kwa ajili ya wagonjwa wake na sheria. Kiwanda cha saruji kikianikiwa michoro yake, ni nani atakayekesha kuitazama? Studio ya gemu ndiyo inayofanya kazi kwa siri kwa miaka mitano au sita huku mamilioni ya watu wakiisubiri kwa kiu. Umaarufu wa Wolverine ulikuwa sehemu ya bei ya zile Bitcoin 50.

Wakazi wa Bonde la Ufa Kaskazini hawahitaji kuelezwa kwa kirefu jinsi soko linavyomzaa mwizi. Wizi wa mifugo uliokuwa na miiko yake, wa vijana kutafuta mahari au kulipiza kisasi, uligeuka janga baya zaidi ulipopata wanunuzi wenye malori, wenye fedha taslimu na wenye njia ya kumfikisha ng'ombe machinjioni kabla mwenyewe hajaziona nyayo. Ndiyo maana operesheni kama Maliza Uhalifu, iliyoanzishwa mapema mwaka 2023, haiwezi kutosha kwa kuwakimbiza wenye bunduki peke yao huku mnunuzi wa mjini akilala usingizi. Hata hivyo mfano huu una mpaka, na mpaka wenyewe unafundisha. Ng'ombe akiibwa, zizi hubaki tupu. Faili ikinakiliwa, ya asili inabaki palepale, na kwa hiyo shabiki haoni kilichopungua. Halafu mnunuzi wa ng'ombe hutoa pesa mfukoni na kujua kwamba amenunua. Shabiki hulipa kwa kutazama tu, hasikii uchungu wowote, na anaondoka akiamini kwa moyo safi kwamba hakununua kitu.

Kilichopungua kipo. Kwanza ni haki ya fundi kuchagua lini kazi yake ionekane. Septemba 2022 video zipatazo 90 za Grand Theft Auto VI zilivuja baada ya kijana wa Kiingereza kuingia katika mfumo wa Rockstar. Baadhi ya mashabiki walizipokea kwa dhihaka: michoro mibovu, kuta hazina rangi, je, hii ndiyo tuliyoisubiri miaka yote? Wengine walidai kwa ujasiri kwamba michoro ndiyo inayokamilishwa kwanza katika gemu, jambo ambalo si kweli. Watengenezaji wa studio nyingine, wakiwemo waliofanya kazi kwenye Control na Uncharted 4, wakaanza kuonyesha picha za kazi zao zilipokuwa changa, zikiwa na maboksi ya kijivu badala ya majengo na magari, ili kuwatetea wenzao. Ulikuwa mshikamano wa kupendeza. Lakini fikiria maana yake: watu waliotendewa uhalifu walilazimika kupimwa mbele ya umma kwa kazi ambayo hawakuwa wamesema imekwisha. Rockstar iliiambia mahakama nchini Uingereza kwamba kurekebisha madhara kuliigharimu dola milioni 5 na maelfu ya saa za wafanyakazi. Dola milioni 5 kwa Rockstar ni fedha ndogo. Zile saa ndizo zinazonigusa, kwa kuwa zilitoka kwenye maisha ya watu ambao hawakuwa wamekosa lolote.

Pili, na hapa ndipo mashabiki wengi wanapokosea hata wanapokuwa na nia njema, kilichoibwa kikubwa zaidi si gemu. Kilio kinachosikika zaidi baada ya kila uvujaji ni cha hadithi kuharibiwa: nimejua mwisho, nimemwona adui mkuu, raha imekwisha. Oktoba 2024 Game Freak, studio ya Kijapani ya Pokémon, ilithibitisha kwamba rekodi 2,606 zenye majina na anwani za barua pepe za wafanyakazi wa sasa, wa zamani na wa mkataba zilikuwa zimevuja. Wakati huohuo mashabiki walikuwa wakila karamu: viumbe ambavyo havikutumika, rasimu za hadithi, majina ya siri ya miradi. Majina ya wale watu 2,606 hayakuwa na mvuto wowote kwao. Nywila hubadilishwa kwa dakika moja. Pasipoti hubadilishwa kwa foleni na ada. Barua ya kuachishwa kazi ikishasomwa na wageni haibadilishwi kamwe. Huzuni inayoishia kwenye hadithi iliyoharibika imewaruka wenye msiba.

Kuna wanaosema: jozi yangu moja ya macho itabadilisha nini? Video imeshatoka, maelfu wameiona, mimi nikijizuia mdukuzi hatajua. Kwa tukio moja hoja hii ni kweli, na sitaikana. Lakini mdukuzi hafanyi hesabu ya tukio moja. Anaangalia lililopita ili akadirie lijalo. Kundi linalopanga kuingia katika studio fulani mwakani linajifunza kutokana na mapokezi ya mwaka huu. Kama kila uvujaji unageuka sikukuu ya siku kumi, bei ya kitisho kijacho inapanda. Kama uvujaji unapokelewa kwa viungo kufutwa na wenye kurasa kukataa kuvirusha, kama walivyofanya baadhi ya wasimamizi wa majukwaa ya wachezaji Desemba 2023, bei inashuka. Hakuna shabiki mmoja anayeidhibiti bei hiyo, na hakuna asiyechangia.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi kwetu. Gemu mpya ya kampuni kubwa huuzwa dola 70, takriban shilingi 9,000 za Kenya. Kizazi kizima cha wachezaji wa Afrika Mashariki kilijifunza gemu kwa diski za kunakili na mashine zilizofunguliwa, kwa sababu njia halali ama haikufika huku au ilifika kwa bei ya dharau. Mtu aliyekua hivyo akiambiwa aionee huruma Sony, ana haki ya kuuliza Sony imemwonea nani huruma. Ninakubali malalamiko haya bila kusitasita: bei hizi hazikupangwa kwa kumfikiria mwanafunzi wa Kesses. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba basi wizi wa data ni mkondo uleule wa kunakili diski. Aliyenakili diski alichukua kitu ambacho waliokitengeneza walikuwa wameamua kukitoa, na ubishi ulikuwa juu ya malipo. Anayefungua hazina ya Insomniac anafungua droo ya ofisi ya rasilimali watu pamoja na gemu. Wenye hisa wa Sony hawakulala macho usiku ule. Waliolala macho ni wachoraji na wajaribu gemu. Hasira dhidi ya bei ina pa kwenda, na droo hiyo si mahali pake.

Ya tatu ni maslahi ya umma, nayo ninaipa uzito mkubwa. Nyaraka za Insomniac zilionyesha kwamba Marvel's Spider-Man 2 iligharimu takriban dola milioni 300, na kwamba ndani ya studio kulikuwa na mazungumzo ya kupunguza gharama na wafanyakazi. Katika tasnia inayofukuza watu kwa maelfu huku ikitangaza mauzo makubwa, hiyo ni habari halali. Mwandishi anayeichukua, akaithibitisha, akaeleza jinsi gemu moja inavyoweza kugharimu kiasi hicho na nani analipia ikianguka, anafanya kazi yake. Tofauti ipo katika kinachochujwa. Mwandishi wa kweli hutoa takwimu ya bajeti na kuacha pasipoti. Hueleza mpango wa kupunguza wafanyakazi bila kutaja nani alikuwa kwenye orodha. Anayesambaza folda nzima na kuiita uwazi hajachuja chochote, na kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya mwandishi.

Swali gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la hasira dhidi ya kampuni yenyewe. Je, shabiki anatakiwa kila mara kusimama upande wa studio? Hapana. Aprili 2011 mtandao wa PlayStation ulipodukuliwa, akaunti milioni 77 ziliathirika na huduma ikazimwa kwa zaidi ya wiki tatu. Sony iliufunga mtandao Aprili 20, lakini ilikuwa Aprili 26 ndipo ilipowaambia wateja kwamba taarifa zao binafsi zilikuwa zimechukuliwa. Ghadhabu ya mashabiki wakati ule ilikuwa ya haki kabisa, na mdhibiti wa data wa Uingereza aliithibitisha mwaka 2013 alipoitoza Sony faini ya pauni 250,000. Kampuni inayokusanya taarifa za watu imejitwika dhamana. Tunalijua jambo hili hapa nyumbani. Julai 2023 kundi la Anonymous Sudan lilipoilemea eCitizen, lango la huduma zaidi ya 5,000 za serikali, Wakenya waliuliza kwa hasira kwa nini huduma nyingi hivyo zilitundikwa kwenye msumari mmoja, na lilikuwa swali sahihi. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Silaha ya kundi lile ilikuwa msongamano bandia wa maombi, na faida yake ilikuwa kelele iliyozuka. Hata pale palipokosekana cha kuiba, hadhira ilikuwa ndiyo mavuno.

Kwa hiyo kigezo changu si kuipenda au kuichukia kampuni. Ni kuuliza nani ameumia na nani alikuwa na uwezo wa kuzuia. Mwaka 2011 walioumia walikuwa wachezaji, na aliyechelewa kusema alikuwa Sony. Februari 2021 CD Projekt ya Poland ilipodukuliwa, takriban miezi miwili tu baada ya kuitoa Cyberpunk 2077 ikiwa imejaa kasoro, baadhi ya wanunuzi waliokasirika waliona kampuni imepata ilichostahili. Kasoro za Cyberpunk zilistahili marejesho ya pesa, na wengi walirejeshewa. Hazikustahili misimbo ya gemu kupigwa mnada, kwa kuwa mtu aliyeumizwa na mnada ule si yule aliyeamua gemu itoke kabla haijawa tayari. Kampuni ile, kwa upande wake, ilifanya jambo la kuigwa: ilikataa kulipa na ikaiweka hadharani barua ya vitisho yenyewe, hivyo ikamnyang'anya mdukuzi sehemu ya siri aliyokuwa akiiuza.

Hata anayejali mechi yake tu ana sababu ya kulichukulia suala hili kwa uzito. Januari 2023 Riot Games ilikataa kulipa dola milioni 10 kwa walioiba misimbo ya League of Legends, ikatahadharisha kwamba misimbo ikiwa mikononi mwa watu hao uwezekano wa kutengenezwa njia mpya za udanganyifu unaongezeka. Kabla ya hapo, Julai 2022, ilikuwa zamu ya Bandai Namco, wenye Tekken, kudukuliwa. Kenya ina wachezaji wa Tekken waliofika mbali. Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kigeni mwaka 2018. Kwa mchezaji wa kiwango hicho, au kwa kijana wa Kapsoya anayeota kukifikia, misimbo iliyoibwa inaweza kumaanisha mpinzani anayeona yasiyopaswa kuonekana. Anayeshangilia uvujaji anashangilia kuharibiwa kwa uwanja wake mwenyewe.

Na mashabiki wakiamua, wana nguvu ya kweli upande wa pili. Oktoba 2003 misimbo ya Half-Life 2 ilipoibwa kutoka Valve, mkuu wa kampuni Gabe Newell aliwaeleza wachezaji waziwazi kilichotokea na kuwaomba msaada wa kumtafuta mhusika. Wengine walikasirika, kwa sababu uvujaji ulifichua kwamba gemu iliyoahidiwa Septemba haikuwa karibu kukamilika, na hasira hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo wengi waliitikia na kutuma taarifa walizonazo. Mhusika, kijana wa Kijerumani, alikamatwa mwaka uliofuata, na gemu ikatoka Novemba 2004. Kilichoiokoa Valve pale ni kwamba ilisema ukweli mapema na ikawachukulia mashabiki kama watu wenye akili. Studio zinazonyamaza kwa wiki mbili kisha zikaomba huruma zinaomba malipo ya kazi ambayo hazijaifanya.

Insomniac ilikuwa na Sony nyuma yake, ikaweza kusema kwamba Wolverine itaendelea kama ilivyopangwa. Studio za Kenya hazina ukuta huo. Wesley Kirinya alipoitengeneza The Adventures of Nyangi katika miaka ya 2000, hakuwa na idara ya usalama wa mitandao. Nairobi X ya Andrew Kaggia ilizaliwa katika mazingira yaleyale ya watu wachache na mashine chache. Kijana anayejifunza leo katika EldoHub au Chuo Kikuu cha Moi, akiunda gemu na wenzake watatu, huenda ameweka kila kitu katika akaunti moja inayofunguliwa kwa nywila moja. Udukuzi wa siku moja unaweza kuifuta miaka yake mitatu, na nakala iliyoibwa inaweza kufika kwenye mabanda kabla yake yeye mwenyewe. Mwenye banda atakayeletewa nakala hiyo kwenye kijiti cha kumbukumbu ndiye atakayeamua kama kuna soko au hakuna, pengine kabla polisi hawajaandika taarifa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji wenye hatari ya kweli ya madhara, na inamtaka awajulishe pia walioathirika. Inamhusu mwenye studio ya watu wanne Eldoret kama inavyoihusu benki. Shabiki anayeipenda gemu ya nyumbani, siku itakapodukuliwa, ana swali la kuuliza kabla ya lile la gemu itatoka lini: wasanii waliorekodi sauti, vijana waliochora, wachezaji waliojisajili kwa namba zao za simu, je, wameambiwa?